Unasihi kwa Njia ya Mtandao: Namna ya Kuuanza, Kuuendeleza na Kuumaliza

Wasomaji wengi waliojaribu kuzungumza na mnasihi kupitia mtandao hunisimulia kisa kile kile. Walimpata mtaalamu, wakapanga kikao, wakaeleza kwa dakika 50 yote yaliyowakaa rohoni, wakalia, wakajisikia wepesi kwa siku mbili tatu. Kikao cha pili kikajaa ukimya, cha tatu kikaahirishwa, cha nne hakikuwapo. Baada ya hapo wakaamua kwamba unasihi wa mtandaoni ni maongezi tu, ambayo hata rafiki angeyatoa bure.

Mimi mwenyewe nilishindwa hivyo hivyo mara ya kwanza. Nilifanya kikao ndani ya gari lililoegeshwa, simu nimeiegemeza kwenye usukani, chaji ikiwa asilimia 11, na nilipoulizwa ningependa nini kibadilike nilijibu, “Nataka tu kuwa sawa.” Mnasihi hakuwa na kosa, kwa kuwa nilimpelekea kazi isiyokuwa na pa kushika. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa zaidi kwenye maandalizi na kwenye siku zilizo kati ya kikao na kikao, maana huko ndiko wengi wanakojikwaa.

## Nani asianzie hapa

Unasihi wa mtandaoni unafaa kwa misukosuko ya kila siku: wasiwasi usiotulia, huzuni inayoburuta siku, uchovu wa kazi, ugomvi wa ndoa au wa ndugu, msiba, upweke, kujilaumu, uamuzi unaokunyima usingizi.

Haufai kuwa mlango wa kwanza kwa mtu anayefikiria kujiua au aliyekwisha kupanga namna ya kufanya hivyo, anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyekesha siku kadhaa na bado ana nguvu zisizo za kawaida, au anayetetemeka na kuchanganyikiwa baada ya kuacha pombe ghafla. Huyo anahitaji watu wa kumfikia alipo, yaani huduma ya dharura, hospitali, au ndugu wa kumshika mkono na kumpeleka sasa hivi.

Uchovu mkubwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi vinaweza pia kutokana na upungufu wa damu, hitilafu ya tezi ya thairoidi, au dawa unazotumia. Ukiwa na dalili hizo, mwone daktari wa kawaida pia, kwa sababu hakuna mazungumzo yanayoongeza damu.

## Vinavyohitajika

- Simu, kishikwambi au kompyuta yenye kamera, pamoja na kitu cha kuisimamisha. Simu ya kushikwa mkononi kwa dakika 50 hutikisika, nawe utaishia kuwaza mkono unaouma.
- Vipokea sauti vya masikioni vyenye kipaza sauti. Hivi hulinda siri kuliko programu yoyote, kwa kuwa angalau nusu ya mazungumzo haisikiki chumbani.
- Bando la kutosha. Saa moja ya video inaweza kula kati ya megabaiti 500 na zaidi ya gigabaiti 1, kulingana na ubora wa picha. Sauti peke yake hutumia kidogo sana.
- Chumba chenye mlango, kwa dakika 80: 10 za kutulia kabla, 50 za kikao, 20 za kupumua baada yake.
- Daftari la karatasi na kalamu.
- Barua pepe na nenosiri ambavyo hakuna mwingine anayeviingia.
- Ikiwa unalipia, fedha za vikao 4. Mwenye fedha za kikao 1 tu hubanwa na haja ya kumaliza kila kitu siku hiyo hiyo.

## Hatua ya 1: Andika tatizo kwa namna inayoonekana

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote. Katika chumba cha ana kwa ana, mnasihi angekuona ukiingia, angeuona mguu unaotikisika chini ya meza na mkono unaochezea funguo. Mtandaoni anaona uso na mabega, hivyo maneno yako yanabeba mzigo mkubwa zaidi.

Chukua daftari ujibu maswali matatu: lilianza lini, hutokea wakati gani, na linanizuia kufanya nini. Kisha unganisha majibu. Sentensi kama “Nina msongo wa mawazo” haimwambii mtu kitu. Ilinganishe na hii: “Kwa miezi 3 sasa naamka saa 9 usiku karibu kila siku nikihesabu madeni, usingizi haurudi, na asubuhi nawafokea watoto kwa jambo dogo.” Humo mna saa, mna kinachowazwa, na mna watu wanaoumia. Mnasihi mzoefu akiisoma hiyo tayari ana maswali matano.

Ongeza sentensi ya pili inayoanza na maneno “Nitajua nimesaidika pale…” na umalizie kwa jambo ambalo mtu mwingine angeweza kulishuhudia: pale nitakapolala hadi asubuhi siku 4 kati ya 7, pale nitakapopokea simu ya kaka yangu bila kuiacha iite hadi ikatike.

Tahadhari. Usijipe jina la ugonjwa. Ukianza kwa kusema “Nina sonona”, mtaalamu itambidi kwanza aibomoe hukumu hiyo ndipo alione tatizo. Usiandike pia lengo linalomhusu mtu asiyekuwapo, kama vile “Nataka mume wangu abadilike.” Mume wako hayumo kwenye kikao. Swali lililopo ni utamjibu vipi asipobadilika.

Dalili ya kufanikiwa. Mtu asiyekujua akisoma sentensi zako mbili analiona tukio lenyewe, haishii kuona hisia.

## Hatua ya 2: Weka kipimo cha mwanzo

Kabla ya kikao cha kwanza, jaza dodoso mbili fupi zinazotumiwa na wataalamu duniani kote na zinazopatikana kwa Kiswahili. PHQ-9 ina maswali 9 kuhusu huzuni na kukosa ari katika wiki 2 zilizopita, na alama zake ni 0 hadi 27. GAD-7 ina maswali 7 kuhusu wasiwasi, alama 0 hadi 21. Kwa zote mbili, alama 10 na kuendelea ndipo mtaalamu huanza kutazama kwa makini zaidi.

Alama hizi hazikupi jina la ugonjwa. Zitakufaa wiki ya nne, utakapokuwa umesahau ulivyokuwa mwanzoni. Swali la 9 la PHQ-9 linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru: ikiwa jibu lako ni lolote zaidi ya “hapana kabisa”, lisemwe mwanzoni mwa kikao hata kama jumla ni ndogo.

## Hatua ya 3: Mhoji mnasihi kabla ya kumkabidhi siri zako

Watu huchagua mnasihi kwa picha na idadi ya miaka ya kazi. Miaka ina uzito wake, lakini mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, alieleza jambo ambalo tafiti nyingi za baadaye zimeliunga mkono: kinachoubeba unasihi ni mapatano kati ya watu wawili, na mapatano hayo yana pande tatu, yaani kuaminiana, kukubaliana lengo, na kukubaliana kazi itakayofanywa ili kulifikia. Kwa hiyo unapomtafuta mzoefu, mtafute mzoefu wa tatizo linalofanana na lako, anayeweza kukueleza kwa lugha nyepesi atakavyofanya kazi.

Mwandikie ujumbe mfupi. Huu unatosha:

*“Habari za kazi. Natafuta mnasihi wa vikao vya video. Tatizo langu ni kuamka usiku kwa mawazo ya madeni na hasira za asubuhi, kwa miezi 3 sasa. Naomba kujua: umesomea wapi na umesajiliwa na chombo gani, umewahi kusaidia watu wenye tatizo kama hili, na kwa njia zipi, kwa kawaida huchukua vikao vingapi, na nikizidiwa katikati ya wiki nifanye nini? Asante.”*

Majibu yenyewe ni kipimo. Mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa usajili wake; hukupa namba na chombo, nawe unakwenda kuhakikisha. Kuhusu idadi ya vikao, hatakupa ahadi, ila atakupa makadirio. Kwa wasiwasi na huzuni za kawaida, mipango mingi iliyofanyiwa utafiti huwa kati ya vikao 6 na 20, na mpango mfupi wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa PM+ una vikao 5 tu.

Kimbia ukiona mojawapo ya haya: anaahidi kukuponya kwa kikao kimoja, anataka ulipie vikao 20 kwa mkupuo, anakusimulia habari za wateja wake kwa undani unaoweza kuwatambulisha, au anakuandikia usiku kwa mazoea ya kirafiki. Anayekutolea siri za wengine leo atazitoa zako kesho.

Amueni pia mtatumia njia gani. Video ndiyo chaguo la kwanza kwa wengi, na kwa huzuni na wasiwasi tafiti zimeona matokeo yake yanakaribiana sana na ya ana kwa ana. Sauti peke yake inafaa kwa mwenye haya au mwenye mtandao dhaifu. Maandishi yawe ya mwisho, kwa asiye na faragha kabisa, kwa sababu ni ya polepole na neno lisilo na sauti hueleweka vibaya kwa urahisi.

## Hatua ya 4: Kubalianeni mipaka ya siri

Muulize moja kwa moja ni wakati gani atalazimika kuvunja siri. Kwa kawaida ni pale maisha yako au ya mtu mwingine yanapokuwa hatarini, mtoto anapodhulumiwa, au mahakama inapoagiza. Mnasihi anayesema “mimi sisemi kamwe kwa yeyote” ama hajui kazi yake ama anakufurahisha.

Muulize pia kama kikao kinarekodiwa, maandishi yake yanahifadhiwa wapi, na mtandao ukikatika nani anapiga kwanza. Mpe jina na namba ya mtu mmoja wa karibu, na kila kikao kinapoanza mwambie ulipo. Wengine huona hilo ni upelelezi. Lakini mtu aliye mbali nawe hawezi kukutumia msaada ikiwa hajui uko nyumba gani.

Tahadhari. Ikiwa unayeishi naye anakupiga au anapekua simu yako, usianze kwa simu hiyo. Tumia kifaa cha mtu unayemwamini, na kikao cha kwanza kihusu usalama wako kabla ya mengine yote.

## Hatua ya 5: Tayarisha chumba

Fanya jaribio la mlango siku moja kabla. Washa redio chumbani kwa sauti ya mazungumzo ya kawaida, funga mlango, toka nje usimame pale ambapo watu wa nyumbani hupita. Ukiyasikia maneno, hamisha redio iwe nje ya mlango wakati wa kikao, au washa feni karibu na mlango, ili kelele hiyo ifunike sauti yako. Mtu anayeogopa kusikika huongea kwa mafumbo, na mafumbo hayatibiki.

Weka kamera usawa wa macho na mwanga uwe mbele yako, usiwe nyuma. Zima arifa zote. Ifiche picha yako mwenyewe kwenye skrini kama programu inaruhusu, maana kujitazama unapolia kunachosha na kunakufanya ujipange badala ya kusema.

Kama hakuna chumba, gari lililoegeshwa au bustani yenye utulivu vitafaa. Kasoro ya gari langu ilikuwa kukosa stendi ya simu na chaji. Usifanye kikao ukiwa unaendesha, hata kwa sauti tu.

## Hatua ya 6: Kikao cha kwanza

Anza kwa kumsomea zile sentensi mbili za Hatua ya 1. Usione aibu kusoma. Wanasihi hufurahi kuona karatasi.

Kisha mwache akuulize. Huenda ukadhani maswali yake ni madogo mno kwa ukubwa wa maumivu yako. Tazama kipande hiki nilichokitunga kwa mfano:

“Dada, umesema unashindwa kila kitu. Tuichukue jana peke yake. Jana ulishindwa nini?”

“Jana… nilichelewa kumchukua mtoto shuleni.”

“Kwa muda gani?”

“Dakika 10 hivi.”

“Katika dakika hizo 10, ulikuwa ukijiambia nini?”

“Kwamba mimi si mama.”

Hapo kazi imeanza. “Kila kitu” hakina pa kushikwa, lakini dakika 10 na sentensi moja ya kujihukumu vinaweza kuwekwa mezani na kuchunguzwa. Maswali madogo ndiyo ufundi wenyewe.

Kuna jambo ambalo wanasihi wote wamelizoea: mteja huongea mambo mepesi kwa dakika 45, kisha zikibaki 5 anatamka lile zito lililomleta. Mtandaoni ni baya zaidi, kwa kuwa skrini ikizimwa unabaki nalo peke yako chumbani. Ikiwa unalo jambo zito, litaje katika nusu ya kwanza, hata kwa kusema tu, “Kuna jambo ambalo bado siwezi kulieleza, lakini lipo.” Hulazimiki kusema yote siku ya kwanza.

Zikibaki dakika 10, muulize, “Umelielewaje tatizo langu, na tutalifanyia nini?” Dalili ya kufanikiwa ni jibu la swali hilo. Akikurudishia tatizo lako kwa maneno yake nawe ukasema moyoni “ndiyo, hilo hasa”, mmeanza vizuri hata kama jioni hiyo umechoka au una huzuni kuliko asubuhi. Wepesi wa siku mbili ni mzuri, ila hauthibitishi kitu.

Zile dakika 20 za mwisho zitumie kutembea au kukaa kimya. Usiingie moja kwa moja kwenye mkutano wa kazi.

## Hatua ya 7: Kazi ya kati ya vikao

Wiki moja ina dakika 10,080. Kikao ni dakika 50. Hesabu hiyo peke yake inaeleza kwa nini wanaosubiri kikao kiwabadilishe hawabadiliki.

Isipokuwa mnasihi amekupa zoezi jingine, chora safu nne kwenye daftari: tukio, wazo, hisia na ukali wake kutoka 0 hadi 100, na nilichofanya. Andika siku hiyo hiyo, mistari michache tu. Mfano: “Bosi hakuitikia salamu. Nikawaza ‘amesikia kwamba nataka kuacha kazi.’ Hofu 80. Nikamkwepa siku nzima.” Siku mbili baadaye unaongeza chini yake: “Alikuwa anauguliwa na mama yake.” Ukiwa na mistari kumi kama hiyo, mwenendo wako huanza kujionyesha wenyewe. Unaona kwamba hofu hupanda kila mtu anaponyamaza, na kwamba kila mara unakimbia kabla hujajua ukweli. Mnasihi angeweza kukuambia hilo kikao cha pili, nawe ungelikubali kwa adabu na kulisahau. Ukilisoma kwa mwandiko wako, halisahauliki.

Zoezi likikushinda, usidanganye na usiahirishe kikao kwa aibu. Nenda ukaseme, “Sikufanya,” kisha mlipunguze hadi lifanyike. Aliyeshindwa kuandika kila siku aandike siku 2. Aliyeshindwa kumpigia dada yake amtumie salamu ya maandishi. Kilichokuzuia kufanya zoezi mara nyingi ni tatizo lile lile lililokuleta, kwa hiyo habari hiyo ni ya thamani.

## Hatua ya 8: Kikao cha nne, pima useme ukweli

Jaza tena PHQ-9 na GAD-7, na usome sentensi yako ya “Nitajua nimesaidika pale…” Kisha weka matokeo mbele ya mnasihi.

Hapa ndipo heshima inapotuponza. Tumelelewa kutomkosoa mkubwa wala mtaalamu, basi tunaitikia “ndiyo” na “asante” kwa vikao vitatu, halafu tunatoweka bila kuaga. Sema hivi: “Nashukuru kwa tulikofika. Ila naona tunazungumza zaidi kuhusu utoto wangu, na usingizi bado haujarudi. Naomba tuangalie upya.” Mzoefu ataipokea kama taarifa ya kazi na kubadili njia. Akikulaumu au akikasirika, umepata jibu lako.

Kubadili mnasihi kunaruhusiwa, tena muulize akuelekeze kwa mwingine. Lakini ukiwa umefika kwa mtu wa tatu na lalamiko ni lile lile, lipeleke lalamiko lenyewe kikaoni kama mada. Huenda linasafiri nawe.

Alama zikipanda badala ya kushuka, usisubiri kikao kijacho; mjulishe siku hiyo, na mzungumzie kama unahitaji daktari wa magonjwa ya akili.

## Hatua ya 9: Kumaliza

Msikate ghafla. Kutoka kila wiki nendeni kila wiki 2, kisha mwezi 1, ili uone kama unatembea bila kushikwa mkono.

Katika kikao cha mwisho andikeni pamoja ukurasa mmoja: dalili 3 za mapema kwamba tatizo linarudi (kwa yule wa madeni, kuamka saa 9 usiku mara 3 mfululizo), mambo 3 yaliyokusaidia, na mtu wa kumpigia. Ubandike ndani ya jalada la daftari.

Mwishoni mwa ukurasa huo weka tarehe, mwezi 1 mbele, ya kujaza tena dodoso zote mbili. PHQ-9 ikipanda kwa alama 5 au zaidi, mwandikie mnasihi wako siku hiyo uombe kikao kimoja.